Mtoto Aliyeandikwa Hayupo

Subira yangu iliisha nikiwa nimesimama mlangoni mwa darasa la gredi ya tatu, gambuti zimejaa matope ya shamba la viazi, mwalimu wa darasa akinionyesha rejista. Kwa siku tisa mfululizo mtoto wangu alikuwa ameandikwa hayupo. Siku tisa, na kila asubuhi ni mimi niliyemfikisha langoni katika baridi hii ya Molo, nikamvuta kofia ya sufu ifunike masikio, nikangoja mpaka aingie.

Nilijua moja kwa moja kwamba anatoroka. Nikauliza huwa anaenda wapi. Mwalimu, msichana mdogo kuliko mimi, alinitazama kama mtu anayengoja kofi.

"Haendi popote, mama. Huwa amekaa pale."

Akanyoosha kidole. Dawati la pili, karibu na dirisha. Alikuwa pale, mikono juu ya mapaja, ananitazama.

"Sasa mbona umemwandika hayupo?"

"Nikimwita haitiki. Mwalimu mkuu amesema asiyeitika ahesabiwe hayupo."

Nikamwambia amwite nisikie. Akamwita, kwa jina ambalo sikuwahi kumpa mtoto yeyote.

Nilimnyang'anya kalamu. Mbele ya watoto arobaini niliweka alama ya kuwepo kwenye zile siku tisa zote, moja baada ya nyingine, nikikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Nilisema pia maneno ambayo watoto hawakufaa kuyasikia. Binti yangu akainamisha kichwa mezani. Hilo ndilo ninalojutia. Rejista siijutii.

Acha nieleze lilipotoka jina lake, kisha hilo jipya. Huyu mtoto nilimzaa Nakuru, asubuhi ya tarehe ishirini na tano Desemba, wauguzi wakiwa wamevaa kofia za karatasi nyekundu. Mmoja alimfuta, akasema huyu hata jina msitafute, amekuja nalo. Ni baba yake aliyekubali kwanza. Alizunguka wadi nzima akitangaza kama aliyeshinda kura. Jina la pili likawa la mama mkwe wangu, kwa sababu huyu ndiye binti wetu wa kwanza na kwetu ndivyo inavyokwenda. Jina la kwanza likawa la Sikukuu. Huku wanaozaliwa Desemba hupewa majina hayo, na Sunday school ya kanisa letu ina watatu wanaoitwa hivyo hivyo.

Mume wangu ni fundi wa mabomba ya mvuke Olkaria. Huja nyumbani kila baada ya wiki mbili. Miaka miwili iliyopita wenzake walianza kusoma Biblia saa ya chakula ndani ya kontena la vifaa, naye akaanza kuketi nao. Aliacha pombe. Sitadanganya, nilimshukuru Mungu, tena kwa kupiga magoti.

Ilipofika Pasaka akaja na daftari. Akasema hii Pasaka tunayoadhimisha si ya Biblia, ni ya mayai na sungura wa kipagani. Nikamuuliza sungura gani. Hapa Molo sungura tunayemjua ni wa kwenye sahani. Pasaka yetu ni kutembea Ijumaa nzima tukinyeshewa nyuma ya msalaba wa mbao, kisha chapati Jumapili. Hakucheka. Zamani angecheka.

Desemba akasema matawi ya msaiprasi hayaingii tena nyumbani, kwa maana nabii Yeremia alikataza watu kukata mti msituni na kuupamba. Nikamwambia ua wote wa boma hili ni msaiprasi, basi aung'oe, ng'ombe watembee hadi Kabazi wakamsalimie mama yake. Akanijibu kwa upole. Huo upole ndio ulioniudhi. Mlevi nilikuwa nimemzoea, tunagombana na kesho tunasahau. Mtu mpole mwenye daftari humwezi.

Kila nilichosema alinijibu kwa neno moja. Nionyeshe mstari. Basi nikatafuta. Somo la Dini nililipita vizuri katika kidato cha nne, si mtu wa kudanganywa na Biblia yangu mwenyewe. Kwa wiki tatu, viazi vikiwa jikoni, nilisoma Mathayo na Luka nikipitisha kidole chini ya kila neno. Tarehe haimo. Mwezi haumo. Hakuna mahali mitume walipoambiwa waadhimishe alipozaliwa. Nilimwonyesha Paulo anapowaambia Warumi kwamba mmoja huiona siku fulani kuwa kubwa, mwingine huona siku zote sawa, na kila mmoja awe na hakika moyoni mwake. Akasema hapo Paulo anazungumzia siku za kufunga. Nikamwonyesha Wakolosai, tusihukumiane kwa sikukuu. Akafungua daftari, na jibu la Wakolosai lilikuwa limeshaandikwa, kwa wino wa kijani.

Nilienda kwa mchungaji wetu nikidhani amenifichia silaha, mstari nisioujua. Nilimkuta akikamua ng'ombe. Aliendelea kukamua huku akinisikiliza, kisha akasema, "Hakuna mstari, mama. Lakini hata mimbari haimo, na hakuna anayeniambia niivunje." Nikacheka, kumbe huo ndio ulikuwa msaada wote niliouendea. Alinishauri nimtii mume wangu, na nisianike mambo ya nyumba yangu nje. Nikarudi nyumbani nikijua kwamba kuhusu tarehe mume wangu hakukosea, na hakuna atakayenisaidia katika yale mengine yote.

Yale mengine yalikuwa haya. Alimweleza mtoto kwamba katika Biblia nzima wanaosherehekea siku ya kuzaliwa ni Farao na Herode peke yao. Kwa Farao mwokaji alitundikwa. Kwa Herode, Yohana alikatwa kichwa. Alimweleza hayo jioni moja akimsaidia kazi ya shule, bila ubaya wowote, kama unavyomfundisha mtoto asicheze na moto. Mwezi mmoja baadaye nilikuwa namsuka nywele akaniuliza, sauti ya kawaida kabisa, "Mama, yangu ikifika atakufa nani?"

Alikuwa anakaribia miaka minane.

Siku hiyo ilipofika nilipika chapati, nikazipanga mezani. Hakula. Alishinda kutwa akitufuata, mara mimi, mara mdogo wake, mara ndama, kuhakikisha tunapumua. Baba yake alikuwa ameomba shifti ya siku hiyo kazini, kwa vile ni siku kama zingine. Kwake ilikuwa kama zingine.

Na jina hakulitaja tena. Alikuwa akimwita "wewe" au "mtoto". Nilidhani itaishia hapo. Nilimpigia mama yake kule Kabazi, nikitumaini shosho atamtuliza mwanawe. Aliuliza swali moja tu: jina lake yeye, shosho, lingalipo? Nikasema lipo, anataka kuondoa lile la mbele. "Basi hayo ya wazungu malizaneni wenyewe," akasema, akaanza kunipa habari za mahindi.

Januari, shule zilipofunguliwa, mume wangu alipitia kwa mwalimu mkuu akielekea Olkaria. Alipeleka barua aliyoiandika kwa mkono, kwamba mtoto sasa ataitwa jina la mwanamke fulani wa Agano la Kale, kwa kuwa la kwanza ni la sikukuu isiyo na msingi katika Maandiko. Mwalimu mkuu aliipokea. Hakuuliza cheti cha kuzaliwa. Hakunipigia simu, na namba yangu anayo, maana huipata upesi wakitaka kuni za jikoni. Aliandika jina jipya kwenye rejista. Baada ya vile vita vyangu na kalamu aliniita ofisini akanieleza kwamba baba ndiye kichwa cha nyumba, na kwamba niliharibu kitabu cha serikali, angeweza kumwita chifu. Nikamwambia amwite. Hakumwita.

Nilimpigia mume wangu hapo hapo uwanjani. Nilimuuliza anajua mtoto wake ameandikwa hayupo siku tisa? Mvuke ulikuwa ukivuma nyuma yake. Akasema atazoea, hata Abramu alizoea. Nikasema Abramu alikuwa mzee, huyu ni mtoto.

"Nionyeshe mstari unaosema aitwe vile," akasema.

"Siwezi."

"Basi."

Jioni nilimketisha mtoto kando ya jiko nikamuuliza kwa nini haitiki. Alieleza taratibu, kama mtu aliyeifanya hesabu hiyo mara nyingi. Akiitika lile jipya atakuwa amedanganya, kwa sababu si lake. Akiitika la zamani, Baba amesema ni la sanamu, na Mungu husikia. Nikamuuliza yeye mwenyewe anataka aitwe nani. Nilikuwa tayari kwa jibu lolote. Angesema Mti ningemwita Mti.

"Msiniite," akasema.

Naandika haya ikiwa Machi, mvua imeanza, malori ya viazi yanakwama barabarani na nyumbani hatuna jina la kumwitia mtoto chakula. Namgusa bega. Baba yake akija humgusa bega vilevile, na hapo tu ndipo tunapofanana. Sina hamu ya kugombana tena. Nilipeleka malalamishi kwa ofisi ya elimu, karani akauliza faili ifunguliwe kwa jina gani, nikashindwa kujibu, akaandika "mwanafunzi" akapiga muhuri. Aliniambia ningoje. Wiki ya sita sasa. Nakala niliyobaki nayo inasema hivi:

KUH: KUBADILISHWA KWA JINA LA MWANAFUNZI BILA IDHINI YA MAMA

Mimi ni mama mzazi. Nalalamika kwamba mwalimu mkuu wa shule alibadilisha jina la binti yangu wa gredi ya tatu kwa barua ya mkono, bila hati ya sheria, bila kuangalia cheti cha kuzaliwa na bila kuniarifu. Naomba jina lililo kwenye cheti lirudishwe katika rekodi zote za shule.

Sababu aliyopewa mwalimu ni kwamba Sikukuu hiyo haina msingi katika Maandiko. Sibishani na hilo. Nimetafuta mwenyewe na sikuuona. Ninachouliza ni kama shule ya umma huandikisha watoto kwa Maandiko au kwa vyeti.

Naomba pia mtu mwenye ujuzi wa watoto aje amwone. Tangu jina libadilishwe haitikii jina lolote, na sasa ameacha pia kuuliza maswali. Nimeuliza ni fomu gani hujazwa kwa jambo kama hilo, nikaambiwa haipo.

Wako,
Mama wa mwanafunzi.