Kushoto au Kulia

Nilisikia kwanza mchakacho wa glavu ndefu ya plastiki ikivutwa hadi begani, sauti ya utoto wangu wote, kabla sijaingia bandani na kumwona mama amesimama nyuma ya ng'ombe. Asubuhi hiyo, nyumbani Kyebando, mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya koti. Kisukari kilikuwa kimekula hisia za vidole vyake, naye hakutaka mtu ajue.

Alikuwa anapimwa upya. Bila cheti kipya asingeruhusiwa tena kupandikiza viinitete vya ng'ombe, kazi aliyoipenda kuliko kitu chochote, pengine kuliko sisi wanawe. Mtahini alikuwa mwanafunzi wake wa zamani.

"Nyabo, leo usinichape," alitania, akimwita mama kwa heshima ya Kiganda.

"Ulistahili. Kila siku unatafuta ovari, unatoka na mavi."

Wakacheka. Mama akaingiza mkono. Alitakiwa kupapasa ovari mbili za yule ng'ombe na kusema ni ipi yenye kinundu, maana kiinitete huwekwa upande wa kinundu. Kikiwekwa upande mwingine, aghalabu hufa. Zamani angekipata kabla ng'ombe hajageuza shingo. Sasa alipapasa, akapapasa tena, macho kayainua kwenye mabati, jasho likimshuka hadi kidevuni. Laiti ningeweza kumwazima vidole vyangu.

"Kulia," alisema hatimaye.

Mtahini, ambaye alikuwa amekwisha kumpima ng'ombe kwa mashine, akapiga makofi. "Si nilijua! Umepita, Mama."

Pumzi zikanirudi. Mama akavua glavu taratibu.

"Nimebahatisha, mwanangu," alimwambia mtahini.

"Mama, usiseme hivyo."

"Sikuhisi kitu. Ningeweza kusema kushoto."

"Lakini umesema kulia! Mimi nimesikia kulia. Tuishie hapo, nakuomba."

"Na ng'ombe wa mfugaji nitakayemwendea kesho? Naye nimbahatishie?"

Mtahini akanitazama mimi, akitaka nimsaidie. Nikamwambia mama kwamba amepita, twende nyumbani. Alimpapasa ng'ombe mgongoni, polepole, kwa kiganja kizima, kama anayemuaga jirani anayehama. Kisha akatupita sote wawili bila kutuangalia, na mlango wa bati ukajifunga nyuma yake.