Vidonge vya Kalinga Juani

Kwa miaka miwili Kalinga hakumtambua mkewe. Kisha asubuhi moja, wodini Mbeya, alimtazama akasema, "Paskalina, umekonda."

Paskalina alilia mpaka wagonjwa wengine wakamcheka.

Ilikuwa 1958. Paskalina ni bibi yangu, mzaa mama. Tumemzika juzi huku Iringa, naandika nisisahau alivyonisimulia.

Dawa ilikuwa mpya: vidonge kwenye chupa ya kahawia. Vilizizima sauti zilizokuwa zikimtukana Kalinga kichwani, ingawa vilimwachia mikono ya kutetemeka na mwendo mzito.

Siku ya kuruhusiwa, Dresa Yunusu, mhudumu wa wodi, alimwonya Paskalina. "Mama, akinywa hii, jua litamuunguza ngozi. Akae kivulini. Na asiache kunywa, sauti zitarudi."

Nyumbani, shemeji yake Eliezeri, ndugu wa Kalinga, alikuwa bado ameuweka mkatale, lile gogo la kufungia miguu ya wenye wazimu.

"Akirudia, namfunga."

Paskalina akalima peke yake. Mumewe alikaa barazani, kivulini, akipukuchua mahindi.

"Shemeji, unaatamia yai?" Eliezeri alimtania Paskalina alipomkuta ameketi kando ya mumewe.

"Naatamia mume. Una wivu?"

Kalinga akacheka. Alicheka kweli.

Masika yakaja. Paa likavuja, maji yakaingia chupani. Paskalina akafanya kama afanyavyo kila mama wa huku kwa maharage yasioze: akavimwaga vidonge kwenye ungo, akavianika kila jua lilipotoka.

Vikakauka. Vikageuka rangi kidogo. Akamshukuru Mungu, akaendelea kumpa.

Kalinga akaanza kujibizana na paa.

Akaacha kulala. Siku alipomshikia mkewe panga akimwita mchawi, Eliezeri hakungoja. Mkatale.

Paskalina akapanda basi kwenda Mbeya.

"Uliviweka juani?" Yunusu alishika kichwa. "Mama, mwanga unaivunja dawa hii. Ndiyo maana chupa ni ya kahawia!"

"Uliniambia jua litamuunguza yeye. Dawa hukuniambia."

Yunusu akafungua daftari la dawa.

"Basi nipe nyingine."

"Stoo hakuna, mama. Mpaka shehena ije."

Akasubiri kwa ndugu zake Ilomba, hapo hapo Mbeya, wiki juu ya wiki. Aliporudi na chupa mpya, alikuta kaburi. Mguu ulikuwa umeozea ndani ya gogo.

Eliezeri hakuweza kumtazama usoni.

Wenzangu, mkipewa dawa, msiulize inavyonywewa tu. Ulizeni na inavyotunzwa.

Nasema hivyo kwa kuwa sina jingine la kusema. Bibi alikuwa mwangalifu kuliko sisi sote, na haikumsaidia.