Koti la Mtu wa Kumi na Mbili

Mwaka juzi, siku moja kabla ya Krismasi, nilitoa kochi la mzee wa Kimarekani nikaliweka kwenye korido ya ghorofa ya saba. Msimamizi wa jengo alipopanda kuuliza, nikamwambia kuna msiba. Akauliza amefariki nani. Nikamwambia watu kumi na wawili. Akaingia kwenye lifti akashuka.

Nieleze vizuri, maana mjukuu wangu anasema nahadithia kama mtu anayekimbizwa. Huyo mjukuu amesomea uuguzi. Cheti chake kipo ukutani kwenye fremu. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo cheti hicho nakifuta vumbi kila Jumamosi kana kwamba ni changu. Tunaishi Weston, hapa Toronto, kwenye jengo la zamani karibu na mto, na treni ya uwanja wa ndege ikipita vijiko vinalia kabatini.

Mzee alikaa mlango unaotazamana na wetu. Alikuwa amepita miaka tisini. Alihamia Toronto ujanani kwa kumfuata mwanamke wa hapa, wakaoana, mwanamke akatangulia, yeye akabaki na sahani zake. Siku tuliyofahamiana alinikuta kwenye lifti nimebeba gunia la mchele, akasisitiza kunisaidia. Nikaishia kubeba mchele na yeye.

Kila tarehe ishirini na nne Desemba, saa nane mchana, alivaa tai, akasimama dirishani, akasoma majina kumi na mawili kutoka kwenye karatasi. Walikuwa askari wenzake waliokufa vitani Korea, milimani, wiki chache kabla ya Krismasi. Walikuwa wameambiwa Krismasi watakuwa nyumbani. Baridi ilikuwa kali hata maiti hawakunyoosheka. Walibebwa vile vile walivyoganda, mmoja mkono juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka. Zamani alikuwa akipanda basi, anavuka mpaka kwenda Marekani, anakutana na wenzake waliobaki, wanasoma majina pamoja. Kila mwaka wakapungua, mpaka akabaki peke yake na dirisha.

Mwaka wa kwanza aliponialika, alisoma majina kisha akanyamaza. Nikasubiri. Nikadhani amesahau kinachofuata. Kumbe kule kunyamaza ndiyo shughuli yenyewe. Zikapita dakika mbili, akanipa biskuti. Nikarudi nyumbani nimekasirika.

"Watu kumi na wawili," nilimwambia mjukuu wangu, "na hakuna hata mmoja aliyeliliwa!"

"Bibi, ndiyo heshima yao." Alisema kwa Kiingereza. Kiswahili anakielewa chote, lakini anakitunza kama vyombo vya wageni.

"Heshima gani? Ukifa wewe nikakaa kimya, utafurahi?"

"Nikifa sitajua."

"Utajua. Nitahakikisha."

Miaka ikaenda hivyo, yeye na majina yake, mimi na biskuti yangu. Halafu mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, mwanawe anayekaa Brampton akaamua kwamba Januari mzee ahamie nyumba ya kutunzia wazee. Mzee akaja kugonga kwangu. Kuhama hakukulalamikia. Alikuwa ameshika ile karatasi.

"Mimi nikishakufa nani atayasoma?" akauliza. Mwanawe alikuwa amemwambia majina yote yapo kwenye kompyuta. "Kompyuta haina sauti," mzee akasema.

Mjukuu wangu akasema siku hizi kompyuta inasoma. Nikamtazama. Akaenda kuchemsha chai.

"Nitayasoma mimi," nikamwambia mzee. "Majina hayahitaji Kiingereza kingi, na darasa la tatu linatosha. Ila siwezi kumtaja marehemu nisiyemjua. Mwaka huu tutafanya kwa utaratibu wa kwetu."

Akakubali, kwa sababu hakujua anakubali nini.

Siku ilipofika nilikwenda na akina mama watatu wa kanisani. Mmoja wao ni mama wa Kikongo anayeongoza kwaya. Akiongea nawe chumba kimoja, wa chumba cha tatu anaitika. Mjukuu wangu naye alikuja, katoka kazini na sare zake, maana yule mama ana Kiswahili na Kifaransa, Kiingereza hana, ikabidi awepo wa kutafsiri. Mlango ulikuwa wazi na mzee alikuwa msalani. Tukatoa kochi na meza, kwa sababu msibani watu hukaa chini, tukatandika mikeka. Tukamwachia yeye kiti kimoja. Tungemkalisha chini tusingemwinua.

Alipotoka akakuta sebule tupu na wanawake wanne wamekaa sakafuni na kanga kichwani, na mjukuu wangu pembeni na sare zake.

"Wamenihamisha tayari?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Umefiwa. Kaa hapo."

Akakaa. Akavaa miwani, akasoma jina la kwanza. Mama wa Kikongo akainua mkono.

"Huyo mtoto wa nani?"

Mzee akaangalia karatasi. Hilo halikuandikwa. "Baba yake alikuwa na ng'ombe wa maziwa," akasema baadaye. "Kule kwao Ohio."

"Alikuwa na ndugu?"

"Dada watano."

"Jamani! Dada watano!" Mama akapiga yowe, wenzake wakapokea, na mzee nusura adondoke kwenye kiti. Mjukuu wangu akafunga macho.

Tukaenda hivyo, mmoja mmoja. Wa pili alikuwa akiimba vibaya na hakuna aliyethubutu kumwambia. Wa tatu aliogopa mbwa. Wa tano alipasha kopo la maharage motoni bila kulitoboa, likapasuka, akala maharage kwenye helmeti ya jirani. Tulimcheka huyo, halafu tukamlilia. Walipofika saba mzee alikuwa ameshaweka karatasi mapajani na haitazami tena. Miaka sita nimemjua, sikuwahi kumsikia akiongea hivyo. Jasho lilikuwa linamtoka puani.

Jina la kumi na mbili alilisoma haraka, kama mtu anayepita penye mbwa. Akakunja karatasi.

"Mtoto wa nani?" akauliza mama.

"Imetosha," mzee akasema.

"Haijatosha. Mtoto wa nani?"

"Simjui."

Akanyanyuka. Mjukuu wangu akataka kumshika mkono, akakataa. Akaenda kwenye kabati la nguo chumbani, akarudi na koti zito la rangi ya majani makavu, ndani ya mfuko wa nailoni. Akaliweka mkekani katikati yetu. Lilinuka nafthalini, dawa ya kufukuzia nondo.

"Alifika kikosini kwetu jioni," akasema. "Asubuhi alikuwa amekufa. Koti langu lilikuwa limelowa, limeganda kama ubao. Nikamvua lake. Mkono wake haukukunjika. Ikabidi nitumie nguvu. Jina nililikuta limeandikwa ndani ya kola. Krismasi ilinikuta kwenye meli ya kutuondoa kule, nina joto, na jina lake liko shingoni mwangu. Sijui alikuwa mtoto wa nani. Nilimwibia maiti, na kila mwaka namsoma wa mwisho ili nimalize upesi."

Mjukuu wangu akatafsiri polepole. Alipomaliza hakuna aliyelia. Yule mama akaegemea mbele akaligusa koti kwa vidole viwili, kama anayekagua kitambaa sokoni.

"Muulize," akasema. "Alilivaa kwa kujificha?"

"Hapana," mzee akajibu. "Kila mtu aliona."

"Kuna aliyemkataza?"

"Hapana. Sajenti ndiye aliyenifunga vifungo. Vidole vyangu vilikuwa havifanyi kazi."

"Sajenti ni nani?"

"Mkubwa wetu."

Mama akajipiga paja. "Mkubwa wao alimfunga vifungo! Mbele ya watu! Sasa huyu mwizi wa wapi? Huyu si amevishwa?"

Hapo na mimi nikaelewa, nikaona aibu kwamba sikuelewa kabla yake. Kwetu sisi matanga yakiisha, nguo ya marehemu haitupwi. Mkubwa wa ukoo huichukua akamvisha mtu mmoja mbele ya watu wote, na yule aliyevishwa ndiye mrithi. Anabeba jina la marehemu na watu wake wote.

"Mwambie," nikamwambia mjukuu wangu. "Hakuiba. Alirithi. Kilichobaki ni matanga tu, na hayo yamechelewa miaka sabini na zaidi."

"Bibi, siwezi kumwambia mtu hivyo."

"Una cheti. Mwambie."

Akamwambia. Mzee akatutazama mmoja baada ya mwingine, akitafuta nani anatania. Msibani hakuna anayetania kabla ya chakula.

"Kwa hiyo mimi ni nani wake?" akauliza.

"Ndugu yake," nikasema. "Mama yake ni mama yako."

"Mama yake lazima alishakufa zamani."

"Basi umefiwa na mama pia. Pole sana."

Tukamlilia na mama. Tulimlilia kuliko wote, kwa sababu huyu alipoteza mtoto aliyekaa vitani siku moja, na hakuna hata aliyeweza kumwandikia barua kueleza mwanawe alikuwa mtu wa namna gani. Mzee aliweka mikono usoni. Mjukuu wangu akasogea kumpima mapigo, nikampiga jicho, akarudi kukaa.

Halafu tukamvisha. Koti lilikuwa kubwa kwake, au yeye ndiye aliyepungua. Vidole vyake vilishindwa na vifungo, kwa hiyo akafunga mjukuu wangu, kimoja kimoja mpaka shingoni. Mzee akasimama akalitaja lile jina polepole, na baada ya jina akasema, "ndugu yangu."

"Haya," akasema mama wa Kikongo. "Sasa tule."

Tukala wali na kuku na maandazi. Mzee alikula na koti lake, akatokwa jasho kama mpishi. Kochi tulilirudisha kabla msimamizi hajapanda tena.

Januari akahama. Wiki ya pili wakanipigia simu kutoka huko kwenye nyumba ya wazee, wanasema anakataa kuvua koti wakati wa chakula cha mchana, na ndani kuna joto. Nikawaambia mwacheni, ni la urithi. Wakaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema mimi ni wa msibani. Sijui waliandika nini.

Desemba iliyopita tukaenda huko na mikeka yetu. Makochi walikataa tusiyatoe, kwa hiyo tukakaa chini mbele ya mzee, na wazee wengine wakaja kuuliza nani amekufa. Karatasi sasa ninayo mimi, inakaa kabatini pamoja na vijiko. Nikasoma majina kumi na moja, na kila mmoja nikamtaja ni mtoto wa nani, na dada zake, na mbwa aliowaogopa, na maharage yake.

La kumi na mbili silisomi mimi. Namwachia mwenyewe. Aligeuza kola ya koti, akaisogeza karibu na pua kama anayesoma, ingawa siku hizi macho yake hayaoni hata mlango ulipo, akalitaja bila haraka.

Kisha akauliza kama kuku yupo.