Ukungu Upande wa Kushoto

Darubini ya kwanza niliikataa kwa sababu upande wa kushoto wa picha, juu kidogo ya katikati, palikuwa na ukungu. Niliandika kwenye daftari: inakuza mara nne, nyepesi, ukungu kushoto. Ya pili ilikuza zaidi lakini ilikuwa nzito, na nayo nikaiandikia ukungu kushoto. Ya tatu vilevile.

Mwenye duka, mtu wa makamo ambaye babu yake alihamia Kahama kutoka Pangani, alikuwa na kibali cha kuuza vifaa vya bunduki. Kwenye kabati hilohilo aliweka mizani na lenzi za wanunuzi wa dhahabu. Hakunihimiza. Aliniacha nisimame mlangoni na kuielekeza kila darubini, nikiishika mkononi bila bunduki, kwenye bango la shule ng'ambo ya barabara. Mimi ni fundi wa pampu za maji kwenye machimbo madogo ya upande wa Bulyanhulu. Kazi hiyo sikuisomea darasani. Niliipata kwenye vitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine, na sikubali kifaa kabla sijakijaribu. Darubini za bunduki nilikuwa nimezisomea miezi mitatu: upana wa lenzi ya mbele, mwanga inaoingiza alfajiri, umbali wa jicho na kioo ili bunduki ikirudi nyuma isikupasue nyusi.

Nilikuwa natafuta darubini kwa sababu ya mbwa wa shemeji yangu.

Shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, analima mihogo na kufuga ng'ombe nje ya Masumbwe. Msimu uliopita nguruwe pori walikuwa wakifukua mihogo ya kitongoji kizima. Kibali cha kuwawinda kilitolewa, nami nina bunduki yenye leseni, nikaenda kama nilivyokwenda miaka mingine. Alfajiri nilipiga goti mwisho wa shamba lake. Tulikubaliana kwamba yeye na mbwa watasubiri kushoto, kwenye kichuguu, mbwa akiwa kwenye kamba mpaka nipige. Nguruwe akatoka, akakimbia kuelekea kushoto, mbali bado na kichuguu kwa makadirio yangu. Nikafumba jicho la kushoto, nikamfuata kwa mtutu, nikautanguliza mbele yake kidogo kama inavyotakiwa, nikafyatua. Nguruwe akapita. Mbwa akalia mara moja tu.

Alikuwa mbwa jike wa rangi ya udongo, sikio moja limekatika, aliyerudisha ng'ombe zizini bila kuambiwa. Shemeji alisema mbwa alikuwa amesimama peupe. Nilimjibu kwamba angekuwa peupe ningemwona. Nikasema mbwa alimponyoka akamkimbilia nguruwe. Nililisema hilo tena jioni mbele ya wakwe zangu, na kesho yake kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mimi ndiye mtu wa kupima na kuandika. Shemeji ni mtu wa kusahau jembe shambani. Wakaniamini mimi. Tangu siku hiyo hakuitwa tena kwenye msako wa nguruwe, na akipita na ng'ombe wake watu walimuuliza kama hao nao wamefungwa vizuri. Mke wangu kila alipokwenda kwao alirudi kimya.

Kuna jambo sikumwambia mtu. Nilipofika pale mbwa alipoanguka, kamba ilikuwa imezungushwa kwenye kiganja cha shemeji, mara mbili, na ncha ya pili ilikuwa shingoni mwa mbwa. Nilijiambia kwamba aliifunga baada ya risasi. Nani humfunga mbwa aliyekufa? Swali hilo nililiacha. Nikaamua kwamba kama kuna kosa upande wangu, basi ni la mwanga hafifu, na mwanga hafifu una dawa yake dukani.

"Fundi, hiyo ni ya tano," mwenye duka akasema. "Darubini zangu zote zimeugua ugonjwa mmoja?"

Nikasema huenda zimetoka kiwanda kimoja. Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

"Hebu izungushe."

Nikaizungusha jichoni taratibu, robo, kisha nusu. Ile alama ya msalaba ya kulengea, iliyo ndani ya kioo, ilipinda pamoja na mkono wangu. Ukungu ulibaki kushoto. Kipimo hicho ni changu cha kila wiki: mashine ikitoa mlio nisioujua, nahamisha kifaa kwanza nione kama mlio unahama nacho. Darubini tano, na sikukifanya hata mara moja.

"Sasa jicho jingine," akasema.

Kwa jicho la kushoto nilisoma bango lote, hadi namba ya sanduku la posta. Akaichukua darubini mkononi mwangu, akaifuta, akairudisha kwenye boksi lake. Akaniambia niende hospitali kabla sijanunua chochote kwake.

Hospitali waliniambia ni presha ya macho. Matone yatazuia isiendelee. Sehemu iliyokwisha kupotea hairudi. Daktari alieleza kwamba mtu akitumia macho mawili, jicho zima hulijazia bovu, ndiyo maana sikuwahi kugundua. Ningegundua pale tu ninapofumba la kushoto. Na mimi jicho la kushoto hulifumba kwa kazi moja.

Nilimkuta shemeji akirekebisha ua wa zizi kwa matawi ya miba. Tukasalimiana, "mwangaluka," "mwangaluka," kama watu wasiodaiana neno. Nikamweleza nikiwa nimesimama. Hakunikatiza. Alipomaliza tawi alilolishika akanitangulia hadi mwisho wa shamba, akanielekeza nipige goti palepale.

"Fumba jicho, kama siku ile," akasema. "Tazama kile kisiki. Ukinipoteza, sema."

Akaenda hadi kwenye kisiki, akaanza kutembea kuelekea kichuguu. Nilihesabu hatua zake. Kwenye ya tano alitoweka, nikasema. Kwenye ya kumi na mbili akatokea. Akarudi katikati, akasimama. Nilijua amesimama kwa sababu nyayo zilinyamaza. Sikuona shimo wala giza. Niliona mihogo tu, imejipanga vizuri, kama shamba lisilo na mtu.

"Hapa ndipo tulipokuwa," sauti yake ikasema. "Unatuona?"

"Hapana."

"Siku ile, mimi uliniona?"

"Wewe pia sikukuona."

Nilibaki nimepiga goti, jicho limefumbwa, kwa kuwa hakuniambia nilifumbue. Kisha nikasikia nyayo zikinijia.

"Basi haya utayasema palepale ulipoyasema yale," akasema. "Mimi nikiyasema, watasema najitetea."

Kuhusu kamba hakuniuliza. Sijui kama alijua kwamba niliiona.

Bunduki nimeikabidhi polisi pamoja na barua ya daktari. Jumapili iliyofuata wakwe zangu walikaa uani, mwenyekiti akaitwa, mke wangu akasimama nyuma ya kiti cha mama yake. Shemeji alichelewa, akakaa kwenye kinu kilicholazwa karibu na mlango. Nilikuwa nimeandika maelezo ya ugonjwa kurasa mbili, kwa mpangilio, pamoja na mchoro wa jicho. Nikalifunga daftari. Nilianza na kamba.