Vikombe Sita vya Cucu

Foleni ya kliniki ya macho mjini Nyeri ilikuwa haisogei, na kando yangu mama mmoja alikuwa akimfundisha binti yake hesabu za kutoa. Walikuwa na vipande vya katoni, kimoja hesabu, kingine jibu, ambavyo huingiana tu ukipata jibu sahihi. Mtoto alikwama kwenye sita toa mbili, basi mama akatunga fumbo la nyumbani.

"Kwa cucu kuna vikombe sita, kila mtu na yake. Baba ameenda kazi Nanyuki, anti ako Kutus. Cucu ataweka ngapi mezani?"

"Sita."

"Ati sita? Si utoe ya baba na ya anti!"

Mtoto akamgeukia nyanya yake, aliyekuwa akisubiri kuitwa kwa daktari. "Cucu, si wewe huweka zote?"

Nyanya akavua miwani, akaifuta polepole kwa leso. "Na wakitokea?"

Nyanya mwenyewe akaokota kipande chenye jibu la nne, akampa mjukuu. "Weka hiyo. Nne ni ya mwalimu."

Mimi pia nina wangu wawili walio mbali, na kutoa nakujua sana. Jioni hiyo, nikipanga vikombe vya chai mezani, nilikosea hesabu kwa makusudi.