Vidole vya Damari na Miale ya Mwaya

Saa tatu asubuhi, katika hospitali ndogo ya Mwaya, Damari anainama mbele ya Lameck, mkulima wa mpunga aliyevimba taya.

"Panua kinywa, tata," anamwambia kwa heshima ya baba. "Haiumi."

Anaingiza nyuma ya jino kipande cha filamu kilichofungwa karatasi nyeusi, anakishikilia kwa kidole. Msaidizi anazungusha gurudumu la mashine ya eksirei, ya kupiga picha za ndani ya mwili. Cheche zinalia, bomba la kioo linang'aa kijani. Damari hatikisiki.

Ameifanya kazi hii tangu 1909. Kabla ya hapo alikuwa mfinyanzi wa Kikisi, kabila la ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Daktari Mjerumani alimchagua kwa utulivu wa mikono yake. Mwaka wa pili ngozi ya vidole ilikauka, ikapasuka. Vidonda vikagoma kupona. Mwaka jana, 1912, alikatwa kidole cha shahada.

"Nilidhani ni dawa za kusafishia picha zinazoniunguza," anasema.

Siku hizi hawezi hata kukanda udongo. "Binti yangu Neli huniuliza mdomo wa chungu unakunjwaje. Namweleza kwa maneno tu. Inauma kuliko kidonda."

Mchana anawapeleka ziwani wanafunzi wake wawili, Hezroni na Andrea, walimu wa misheni wanaojifunza kazi yake.

"Kutoka mgongo wa wimbi hili hadi mgongo wa linalofuata, huo ndio urefu wa wimbi," anawaambia. "Mwanga wa taa nao ni mawimbi, mafupi mno, wala hauhitaji maji. Miale ya mashine yetu ni mawimbi mafupi mara maelfu zaidi. Mbio zao ni zilezile, lakini kadiri wimbi lilivyo fupi, ndivyo linavyopiga mara nyingi zaidi na kubeba nguvu zaidi. Ndiyo maana hupenya shavu. Jino huzuia mawimbi mengi, likaonekana jeupe pichani."

"Na kidole chako, mama?" anauliza Hezroni.

Damari anainua mkono wenye pengo la kidole.

"Mengi hupita. Mengine hubaki humo, yakala."

Jumatano ya wiki hiyo anampelekea daktari kibanio cha mwanzi cha kushikia filamu, alichochongewa na mumewe. Mgonjwa hukiuma mwenyewe, filamu ikatulia. Daktari anadai picha itatikisika. Wanajaribu kwa Andrea. Jino linatoka wazi hadi mizizi. Daktari anaitazama picha, kisha mkono wa Damari, anakiweka kibanio kando ya mashine.

Ijumaa atakatwa kidole cha kati.

"Jumatatu nitarudi, nisimame mlangoni, mbali na miale, niwafundishe Hezroni na Andrea," anamwambia daktari. "Atakayetia mkono kinywani mashine ikilia, namfukuza. Nataka hawa wazeeke na vidole kumi."