Pikap Iliyotetemeka Ikiwa Tupu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika gereji ya mfanyabiashara mmoja wa kahawa hapa Butembo, sikupewa hata spana. Nilikuwa nimemaliza sekondari, najua kuandika Kifaransa vizuri, nikadhani nitawekwa karibu na mota. Chef d'atelier, yaani mkuu wa gereji, alinionyesha lori lililokuwa juu ya magogo akaniambia nilale chini yake.

"Angalia tu," alisema. "Mpaka saa sita hapana gusa kitu. Kisha utaniambia nini inazungusha nini."

Saa sita nilimweleza kwamba mota inazungusha gia, gia inazungusha kadani, na kadani, lile bomba refu la chuma, inazungusha ekseli ya nyuma. Alinirekebisha mambo mawili tu. Kila ncha ya kadani ina croisillon, msalaba mdogo wa chuma unaoiruhusu kujikunja wakati gari linapanda na kushuka. Na pembe za ncha hizo mbili zinapaswa kulingana; zisipolingana, kadani huzunguka kwa kushtukashtuka na gari zima hutetemeka.

"Mutetemeko iko na fasi yake," aliniambia. "Kama inakupiga mu mikono, tafuta ku magurudumu. Kama inakupiga mu matako, tafuta ku kadani."

Niliyaandika kwenye daftari, ila mahali pa matako nikaweka "kiti", kwa sababu nilikuwa bado kijana wa shule.

Nilikaa miaka mingi chini ya chef huyo. Baadaye nilipelekwa Musienene kutunza malori ya viazi, na vita vilipoanza nilikuwa Beni, mkuu wa mafundi katika kampuni ya usafirishaji. Juu yangu alikuwa Gérant, msimamizi wa kazi zote, mtu wa kusema kidogo na kufukuza haraka.

Miaka ile barabara ziliachwa zioze. Magari madogo yalikalia tumbo kwenye tope, basi kila mwenye pikap alitaka iinuliwe. Niliziinua nyingi. Niliongeza lame, zile sahani za springi ya nyuma, na kuweka vyuma virefu zaidi vya kuzishikilia. Kazi ya siku mbili. Watu walinisifu, nami nilizipenda sifa hizo. Ukiinua gari hivyo, pua ya ekseli, pale kadani inapoingia, hugeuka na pembe za kadani huharibika, kwa hiyo ilikuwa lazima kuzipima upya. Sikupima. Vipuri vilikuwa shida, muda ulikuwa mfupi, na pikap tatu za kwanza hazikunilalamikia.

Ya nne ilikuwa ya kampuni yetu, na dereva wake alikuwa Kambale. Alirudi siku tatu baada ya mimi kuiinua.

"Mukubwa, gari iko natetemeka."

"Fasi gani?"

"Mu kiti. Kuanzia hamsini mpaka sitini. Na ni wakati iko tupu."

Aliniambia mahali na mwendo, na hata hali ya mzigo. Mgonjwa gani humweleza daktari vizuri hivyo? Mimi nilibadilisha magurudumu ya nyuma kwa ya mbele. Akarudi. Nikakaza nati. Akarudi tena, na safari hii nikasema tutoke pamoja, niendeshe mwenyewe.

Tulishika njia ya Mangina. Hatujafika mbali, wamama waliotoka sokoni wakatupungia mkono. Wakati ule magari yalikuwa machache na watu waliogopa kutembea kwa miguu, kwa hiyo hukupita na gari tupu mbele ya watu. Nilisimama. Walipanda kumi na wawili pamoja na magunia yao. Kwenye kipande kilichonyooka nikafika sitini, na gari likatulia kabisa.

"Unaona?" nikamwambia Kambale. "Imetulia kama padri."

"Sasa iko na batu. Ushushe batu kwanza, utasikia."

"Nishushe bamama mu pori juu ya matako yako?"

Mama mmoja akapiga bati la nyuma. "Shofere, acha mekano atupeleke. Weye ulitetemeka zamani."

Walicheka, nami nikaongeza yangu kuhusu vizuizi vya askari njiani. "Si gari njo inatetemeka. Ni weye. Baria za basoda zinakutia woga."

Kambale aligeuka akatazama nje.

Alikuwa amesema kweli tupu. Pikap iliyoinuliwa huwa na pembe kali zaidi ikiwa haina mzigo. Watu wakipanda, lame hulala, mwili wa gari hushuka, kadani hunyooka kidogo na mtetemeko hufifia. Wale wamama kumi na wawili waliuficha ugonjwa, na mimi nikaandika kwamba gari ni zima.

Wiki iliyofuata Kambale alipeleka mizigo upande wa Mabalako akarudi na gari tupu. Kadani ilikatika ikaanguka barabarani. Alitembea nusu siku kutafuta msaada, na aliporudi wenye silaha walikuwa wameondoka na magurudumu, betri na viti.

Kadani ilipoletwa nilikagua croisillon. Ilikuwa imelika upande mmoja, kama chuma kinavyolika kikizunguka kwa pembe mbaya. Nilielewa papo hapo. Gérant alituita wote wawili ofisini.

"Kambale anasema alikuonya," alisema. "Gari lilikuwa na kasoro?"

Mwezi ule alikuwa ameshafukuza mafundi wawili.

"Nililijaribu mwenyewe," nilijibu. "Lilitulia kabisa."

Kila neno lilikuwa kweli, na jibu lote lilikuwa uongo. Kambale alifukuzwa siku hiyo. Habari zilisambaa Beni hadi Butembo kwamba ni shofere wa kuvunja kadani, na hakuna aliyempa tena usukani.

Tangu hapo nilipima kila pikap niliyoinua, kwa uzi wenye nati na rapota, kile kipimapembe cha shule, na kuweka kabari ya chuma chini ya lame mpaka pembe zilingane. Nililijaribu kila gari likiwa tupu. Vijana waliniuliza nilijifunzia wapi. Nilisema, kwa uzoefu.

Nilipostaafu nilikodi pikipiki hadi Vuhovi. Kambale alikuwa akipalilia maharage. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, yeye akiendelea na jembe.

"Nilijua siku ile ile," alisema.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nilishakusamehe, juu na mimi nilale usingizi. Lakini hii maneno hapana niletea mimi mu shamba. Mimi niko najua. Peleka kwa bale hapana jua."

Gérant alikwisha kufa. Mmebaki ninyi, mafundi na madereva wa Beni na Butembo, ambao baadhi yenu mlisimuliwa habari za shofere yule. Mimi ndiye niliyeinua pikap ile bila kupima. Nilionywa mara tatu, na nilipoulizwa nikajificha. Kambale alikuwa dereva mzuri, na alilijua gari lake kuliko mimi.